Hoteli: Baraza la Wasio na Baraza



Ndugu msomaji, ukimwambia mgeni kutoka ng'ambo "twende hotelini", atachukua begi lake akidhani anaenda kulala. Mkenya hachukui begi, ananawa mikono. Kwetu sisi hoteli ni pahali pa chai na mandazi, chapati na maharagwe, pilau siku ya Ijumaa. Ina meza chache, kaunta ya mbao au ya kioo, na mzee nyuma ya kaunta anayemjua kila anayeingia, na babake pia.

Hoteli za namna hii zimejaa katika miji yetu midogo, na nyingi zimeanzishwa na kuendeshwa na familia za Kiislamu. Tumezizoea hata hatuzioni. Tunaandika historia ya misikiti yetu, madrasa zetu na mashekhe wetu, na ni haki tufanye hivyo. Lakini ni nani ameandika historia ya hoteli? Na bado, ukiwauliza wazee wa mji wowote wa bara, watakwambia mambo mengi yalianzia pale kwa kikombe cha chai. Mwezi huu ambao sote tunaijua thamani ya kula pamoja, hebu tuitazame hoteli kwa jicho la historia.

Kahawa ndiyo mama

Kiswahili chenyewe kinatupa fununu. Neno "mkahawa" limetoka kwa "kahawa", na kahawa ni "qahwa" ya Waarabu. Yaani kabla ya kuwa nyumba ya chakula, ilikuwa nyumba ya kahawa.

Kinywaji hiki kilienea kutoka Yemen katika karne ya 15. Masufi wa huko walikinywa usiku ili wasisinzie katika dhikri. Kutoka hapo kikapanda hadi Makka na Cairo, na mikahawa ikaanza kufunguliwa. Mwaka 1511, afisa mmoja wa Makka aliyeitwa Khair Beg aliwakusanya wanazuoni na matabibu, kahawa ikapigwa marufuku. Marufuku ile haikudumu, kwa sababu wakubwa wa Cairo hawakuiunga mkono. Mikahawa ilifika Istanbul katikati ya miaka ya 1550, na mwaka 1633 Sultan Murad wa Nne akaamuru ifungwe.

Usidhani ni watawala wa Kiislamu pekee waliokuwa na wasiwasi huu. London ilipata mkahawa wake wa kwanza mwaka 1652. Mwezi wa Disemba 1675 Mfalme Charles wa Pili akatoa amri mikahawa yote ifungwe. Watu walipiga kelele mpaka Januari 1676 akairudisha amri yake mfukoni.

Jamani, kikombe cha kahawa kina nini cha kumtisha mfalme? Kahawa yenyewe haikuwa tatizo kubwa. Kilichowatisha ni watu kukaa pamoja bila kuitwa na mkubwa, tajiri na maskini kwenye benchi moja, wakiulizana habari na kupima mambo ya utawala. Shika jambo hili, msomaji, kwa maana litarudi tutakapofika kwetu.

Pwani kulikuwa na baraza

Katika miji yetu ya pwani, Lamu, Mombasa, Malindi na mingineyo, kukutana hakukuhitaji hoteli. Nyumba zilijengwa na baraza, lile benchi la mawe au udongo mbele ya mlango. Baada ya laasiri au baada ya isha wazee walikaa pale. Muuza kahawa akapita na dele lake la shaba juu ya makaa, akigonganisha vikombe mkononi ili asikike tangu mbali. Kahawa tungu, kipande cha halua au kashata, na mazungumzo. Habari za jahazi lililoingia, posa, ugomvi wa mipaka ya shamba, yote yalipita barazani.

Baraza lilikuwa la nyumba fulani, ya ukoo fulani. Ulikaa pale kwa sababu ulijulikana. Sasa jiulize: mtu akitoka kwao, akaenda mji ambao hana nyumba wala ukoo, atakaa baraza la nani?

Reli ikaleta watu wasio na baraza

Waislamu walikuwa bara kabla ya reli. Misafara ya biashara ilifika Mumias na Machakos, na wapagazi, askari na wafanyabiashara wa Kiswahili wakabaki huko. Lakini reli ndiyo iliyopanua mambo. Ujenzi ulianza Mombasa mwaka 1896, ukafika Nairobi mwaka 1899, na mwisho wa mwaka 1901 reli ikafika ziwani pale Kisumu. Vibarua 31,983 waliletwa kutoka Bara Hindi. Wengi wao walirudi makwao, karibu 2,500 walifariki, na 6,724 walibaki. Kati yao walikuwamo Waislamu wa Punjab.

Kando ya reli ikazaliwa miji: Voi, Makindu, Sultan Hamud, Nakuru na mingine. Sultan Hamud imechukua jina la Sayyid Hamoud bin Mohammed, aliyekuwa Sultan wa Zanzibar tangu 1896 hadi 1902. Katika miji hii na ile ya utawala kama Machakos, Nyeri na Murang'a (wakati huo ikiitwa Fort Hall), walikutana watu wa kila aina: Waswahili wa pwani, Wahadhrami tuliowaita Washihiri, Wabaluchi, Wasomali, Wanubi waliokuwa askari, Wapunjabi, na wenyeji waliosilimu. Ndiyo maana miji mingi ya bara ina mtaa unaoitwa Majengo, na Majengo haukosi msikiti.

Watu hawa walikuwa na jambo moja la kufanana, nalo ni kwamba wengi walikuwa mbali na kwao. Kibarua wa reli alilala kwenye chumba cha watu wanne. Askari alilala kambini. Dereva alilala ndani ya lori. Hakuna aliyekuwa na baraza. Na wote walihitaji kula.

Zamani zile treni hazikuwa na behewa la chakula. Abiria Wazungu walishuka Voi au Makindu wakala katika nyumba maalum za wasafiri. Abiria wengine wakajitafutia. Hapo ndipo mwenye sufuria na jiko alipopata riziki. Pwani ilileta mahamri, mbaazi na wali wa nazi. Bara Hindi ikaleta chapati na sambusa. Majani ya chai yalipandwa nchini mara ya kwanza huko Limuru mwaka 1903, na kuanzia miaka ya 1920 mashamba makubwa yakafunguliwa Kericho. Taratibu chai ya maziwa ikachukua kiti cha kahawa. Hoteli ya Kikenya tunayoijua leo ikakamilika, mpishi akiwa ni bahari, reli na shamba kwa pamoja.

Kwa nini familia?

Hapa pana siri ya biashara ambayo vijana wenzangu wanaosomea mambo ya fedha wataielewa upesi. Faida ya kikombe cha chai ni ndogo sana. Ukimlipa mpishi, ukamlipa mhudumu, ukalipa kodi ya nyumba, hakibaki kitu. Hoteli ya mji mdogo ilisimama kwa sababu baba alikaa kaunta, mama alikanda unga wa mahamri tangu kabla ya alfajiri, na watoto walifuta meza wakitoka madrasa. Mshahara wao ulikuwa ni chakula chao, ada ya shule na paa la nyumba.

Kwa kuwa familia haikuwa ikimlipa mtu kwa saa, haikumfukuza mtu kwa saa. Mzee aliagiza chai moja saa tatu asubuhi na saa tano bado yupo. Kwenye mgahawa mkubwa wa mjini angeshaletewa bili mara mbili. Lakini mwenye hoteli alijua hesabu nyingine: yule mzee anayekaa ndiye anayewaita wengine. Mtu akimtafuta fundi, dalali au imamu, anaambiwa, "Mwangalie pale hotelini." Akija kumtafuta, naye anakunywa chai.

Halafu lilikuwepo daftari la madeni. Mwalimu na mfanyakazi wa reli walikula mwezi mzima na kulipa mwisho wa mwezi. Hakukuwa na benki ya kumkopesha kibarua, wala mdhamini. Mdhamini wake ni kujulikana. Mwenye hoteli alimkopesha kwa sababu anajua anapolala, anaswali msikiti gani na ndugu yake ni nani. Bila shaka madeni mengine hayakulipwa, na hoteli ziko zilizokufa kwa daftari. Lakini ziko familia nyingi zilizovuka mwezi mgumu kwa daftari hilo hilo.

Tena hoteli ilifanya kazi ambazo hazikuandikwa kwenye leseni. Watu wengi hawakuwa na sanduku la posta, kwa hiyo barua zao zilipitia sanduku la mwenye duka au mwenye hoteli. Mzigo wa msafiri uliachwa nyuma ya kaunta. Habari ya msiba ilifika hotelini, na kabla chai haijapoa watu wa kuchimba kaburi wamepatikana. Harambee ya kumalizia paa la madrasa ilianza na kikopo juu ya kaunta. Hivi ndivyo watu wasio wa ukoo mmoja walivyojifunza kuwa jamaa.

Meza moja katika nchi iliyogawanyika

Kumbuka hali ya nchi wakati huo. Ukoloni uliwagawa watu kwa rangi: shule mbalimbali, hospitali mbalimbali, mitaa mbalimbali, hata mabehewa. Mwafrika alitembea na kipande chake shingoni. Hoteli kubwa za Wazungu hazikumruhusu kuingia isipokuwa kama mfanyakazi. Mpaka mwaka 1946, ili Mwafrika, Mhindi na Mzungu wale chakula pamoja kama wanachama sawa, ilibidi waanzishe klabu maalum Nairobi, United Kenya Club, na watu wakaiona ni jambo la ajabu.

Basi katika mji mdogo, dereva Mkamba, Msomali muuza ng'ombe, Mshihiri wa duka na Mswahili wa pwani walikuwa wakila chapati kutoka karai moja bila katiba ya klabu. Tusiseme kulikuwa na usawa kamili, maana hatutaki kupamba. Wako wenye hoteli waliowabagua wateja, na ziko meza zilizotengwa. Lakini mlango ulikuwa wazi, na lugha ya mle ndani ilikuwa Kiswahili. Wengi wa bara walijifunza Kiswahili chao si shuleni, walijifunza pale wakiagiza chakula.

Sauti kutoka kwenye kaunta

Kisha ikaja redio. Katika miaka ya 1950 redio ilikuwa ghali, nyumba nyingi hazikuwa nayo. Mwenye hoteli akinunua, ameununulia mtaa mzima. Mombasa kulikuwa na Sauti ya Mvita, iliyokuwa chini ya serikali. Mwaka 1954 Redio Cairo ikaanza matangazo kwa Kiswahili, na miongoni mwa watangazaji wake walikuwamo Wazanzibari. Wakati ule Kenya ilikuwa katika Hali ya Hatari iliyotangazwa Oktoba 1952, na magazeti mengi ya Waafrika yamefungwa. Cairo ya Gamal Abdel Nasser ikasema waziwazi yale ambayo hapa hayakusemwa: ukoloni uondoke.

Waingereza walikereka sana na matangazo yale. Unaweza kumnyang'anya mtu gazeti, lakini utafanya nini na sauti inayosikika kwenye mkahawa, watu ishirini wakiwa wamenyamaza na vikombe mkononi? Aliyesikia alimsimulia asiyesikia. Umekumbuka Khair Beg na Mfalme Charles? Wasiwasi ni ule ule, miaka mia nne baadaye. Uhuru ulipokuja tarehe 12 Disemba 1963, kazi ilikuwa imefanywa na watu wengi katika pahali pengi, na meza ya hoteli ni pahali pamoja kati ya hapo.

Hoteli katika Ramadhan

Mwezi huu hoteli ya Kiislamu hugeuka. Mchana mlango umefungwa au pazia limeshushwa, na mwenye nyumba anapoteza mauzo ya siku thelathini ya chai ya asubuhi na chakula cha mchana. Baada ya laasiri moshi unaanza. Kaimati, sambusa, viazi vya karai, muhogo wa nazi, tambi, uji wa pilipili manga. Adhana ya magharibi inapokaribia utaona sahani za tende zimepangwa mezani bila bei.

Hizo ni za nani? Ni za dereva aliyekatikiwa na safari, mwanafunzi aliyepanga chumba, mlinzi wa usiku, mwalimu aliyepelekwa kufunza mbali na kwao. Mwenye nyumbani kwake hafikirii suala la futari, kwani mama ameshaandaa. Lakini aliyesilimu akiwa peke yake katika familia yake, atafuturu na nani? Wengi wa ndugu zetu hao, futari yao ya kwanza ya kukaa na watu ilikuwa hotelini. Sote tumefundishwa fadhila za kumfuturisha aliyefunga. Hoteli ndogo zimeifanya ibada hiyo miaka mingi bila bango wala kupiga picha.

Na ukarimu wa namna hii hauna dini moja. Pale Makindu, hekalu la Masingasinga lililojengwa mwaka 1926 hulisha wasafiri bure mpaka leo, bila kumuuliza mtu anaabudu wapi. Reli ile ile, haja ile ile.

Upande wa pili wa sarafu

Tukisifu tu tutakuwa tunadanganya. Baraza la hotelini lilikuwa la wanaume. Mama ndiye aliyepika kilichowakusanya watu, lakini yeye alikuwa nyuma ya ukuta. Jina lililoandikwa juu ya mlango lilikuwa la mume. Baadaye hoteli nyingi ziliweka chumba cha familia chenye pazia, na hilo lilisaidia, ingawa mazungumzo ya mji yaliendelea upande ule mwingine.

Wako watoto waliofuta meza mpaka wakachelewa masomo. Ziko hoteli zilizogeuka kijiwe cha kusengenya na kutafuna miraa kutwa. Pahali pa kukutana ni kama chombo: kinachukua unachotia.

Je, zitabaki?

Tarehe 31 Mei 2017 treni mpya ya SGR ilizinduliwa, na treni ya zamani ya abiria kati ya Mombasa na Nairobi ikaacha kusafiri. Safari ya usiku kucha ikawa ya saa tano hivi. Ni neema kwa msafiri, lakini stesheni za kale zilizolisha miji midogo zikanyamaza. Mwaka 2019 serikali ilipoamuru makontena yasafirishwe kwa SGR, malori yakapungua barabarani, na hoteli za Mariakani, Voi na Mtito Andei zikalia pamoja na madereva. Mwaka 2022 agizo hilo likaondolewa, lakini si kila aliyefunga alifungua tena.

Kabla ya hapo, M-Pesa ilikuwa imeanza Machi 2007. Msafiri hahitaji tena kumwachia mwenye hoteli pesa za kumpa ndugu yake. Habari ziko kwenye simu. Kila mtu ana redio yake mfukoni, na masikio yamezibwa.

Kisha tukapata somo ambalo hatukuliomba. Tarehe 27 Machi 2020, kwa sababu ya korona, kafyu ilianza, kutoka saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri. Ramadhan ikaingia mwezi wa Aprili, misikiti imefungwa. Magharibi ya kwetu huingia kati ya saa kumi na mbili na saa moja. Aliyezoea kufuturu hotelini hakuwa hata na nusu saa ya maana ya kula na kufika kwake. Mwaka ule wengi walifuturu peke yao chumbani kwa maji na mkate. Wenye familia tulilalamika kukosa tarawehe ya jamaa. Wao walikosa tarawehe na watu wa kula nao.

Hatari iliyopo sasa haiko kwa serikali wala kwa reli peke yake. Iko nyumbani. Wazee walioanzisha hoteli wanaondoka. Watoto wao, waliosomeshwa kwa pesa za mandazi, wana shahada na hawataki moshi. Si dhambi, kwani mzazi aliwasomesha ili wasiteseke. Lakini hoteli ikifungwa, linafungwa pia lile baraza, na hakuna anayelijenga jingine. Duka la chakula cha kubeba litachukua chumba kile. Utanunua chipsi, utafungiwa kwenye karatasi, utaondoka. Utashiba, sawa. Nani atakujua?

Vijana wenzangu, kuna mambo matatu yaliyo ndani ya uwezo wetu. La kwanza, mkae na wazee hawa wakiwa hai, mwandike: hoteli ilifunguliwa lini, nani walikaa, daftari la kwanza liko wapi. Waulizeni kina mama zaidi, maana wao hawajaulizwa kabisa. La pili, wenye shahada ya hesabu wazisaidie hoteli za wazazi wao kuweka vitabu sawasawa, ili ukarimu usiue mtaji. La tatu ni jepesi kuliko yote. Jioni moja mwezi huu, baada ya kuhakikisha nyumbani kuna futari, nenda ukafuturu katika hoteli ya mtaa wako. Weka simu mfukoni. Angalia ni nani amekaa peke yake, ukavute kiti.

Wabillahi tawfiq. Ramadhan Kareem.